Jicho, sikio, pua na ngozi: ukiwa dispensari na tochi tu mkononi, waanzia wapi kumkagua mgonjwa?

mwanafunzi_wa_kisauni

Assalam alaykum na habari zenu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa unesi niko atachimenti kwenye dispensari moja huku Kisauni, naomba msaada wa wakubwa zangu mlio kazini. Darasani tulifundishwa kumkagua mtu kuanzia utosini mpaka unyayoni, mpangilio mzuri kabisa, lakini huku Jumatatu asubuhi ukifungua mlango foleni ishafika nje chini ya mwarobaini na wengi wao si malaria wala presha, ni macho, masikio, mafua yasoisha na mambo ya ngozi. Vifaa ni kadi ya E ya kupimia kuona ukutani na tochi, otoskopu ya kumulika ndani ya sikio ipo lakini betri yake haishiki chaji. Na naona watu wakiondoka na tyubu ya tetrasaiklini ama vidonge vya pritoni bila kuangaliwa vizuri, kisha wiki inayofuata ni yuleyule amerudi na shida ileile, mara nyingine imezidi.

Leo tu kuna fundi wa nyumba jicho moja jekundu ndani, mtoto wa miaka minne sikio latoka usaha na mamake asema "hukauka lenyewe kisha laanza tena", msichana wa shule ana viduara kichwani nywele zimekatika, na bibi mmoja yuwajikuna mwili mzima usiku halali. Majina ya magonjwa nayajua, ninalotaka ni mpangilio wa mkono na macho: niangalie nini kwanza, nishike wapi, niulize nini, na dalili gani nikiiona niache kila kitu nimuandikie rufaa hapohapo.

Na lingine, vitabu vyetu kila mahali vyasema tafuta wekundu kwenye ngozi, sasa wagonjwa wangu ni weusi kama mimi, wekundu huo nautafutaje?

sista_wa_macho_mvita

Waalaykum salaam mdogo wangu, swali zuri sana na nimefurahi umeuliza ukiwa bado mwanafunzi. Mimi nitasema la macho kwa sababu ndiyo kazi yangu, hayo mengine wenye nayo watakuja.

Ushike hili hata ukisahau mengine yote: jicho halitiwi dawa kabla halijapimwa kuona. Mgonjwa wa moyo humwachi aende bila kumpima presha, basi na wa jicho usimwache aende bila kuandika anaona kiasi gani. Pima mita 6 kutoka kwenye kadi mara moja tu utie alama ya rangi sakafuni, chumba kikiwa kidogo toa kadi nje uitundike ukutani kwenye kivuli. Anza jicho la kulia, la kushoto alifunike kwa kiganja, si kwa vidole maana watu huchungulia katikati ya vidole bila hata kujijua, na asiligandamize. Kama ana miwani ya mbali aivae. Waandika 6/6, 6/18, 6/60, namba ya kwanza ni umbali aliosimama na ya pili ni mstari aliofika. Haoni hata E kubwa ya juu? Msogeze karibu, ikishindikana ahesabu vidole vyako, kisha mkono unaopungwa, kisha mwanga wa tochi kama auona au hauoni kabisa. Na akiona vibaya chukua kipande cha kadibodi utoboe tundu dogo kama milimita 1 achungulie hapo: akiona vizuri zaidi yaelekea anachohitaji ni miwani, asipobadilika kuna jambo ndani ya jicho lenyewe, labda mtoto wa jicho, labda kitu cha nyuma, huyo apelekwe akaangaliwe.

Wakati unampima ndio wakati wa kumuuliza. Lilianza lini, moja au yote mawili, yauma au yawasha (hivi ni vitu viwili, usimkubalie mgonjwa akuchanganyie), mwanga wamsumbua, alikuwa akifanya kazi gani lilipoanza, nyumbani kuna mwengine, na la mwisho ulilize kwa upole kabisa bila kumkunjia uso: umetia nini? Kwa sababu ametia kitu, karibu wote hutia. Chai, asali, maziwa ya mama, maji ya dawa za mitishamba, matone ya jirani. Ukimkunjia uso atakuficha na hutajua kamwe.

Kisha tochi, na uende kwa mpangilio wa nje kwenda ndani: kope, shina la kope kama kuna chokea, geuza kope la chini, weupe wa jicho, halafu kile kioo cha mbele, halafu mboni. Tochi iingie kwa ubavu, si moja kwa moja. Sasa sikiliza hapa. Wekundu ulio zaidi pembeni na ndani ya kope, tongotongo za manjano zimegandisha kope asubuhi, anaona kama kawaida, haumii sana, mwanga haumsumbui, hayo ni macho mekundu ya kawaida ya bakteria. Maji mengi badala ya usaha, lilianza moja likaja la pili, ukimgusa mbele ya sikio kuna kitezi kimevimba, hiyo yaelekea ni virusi, kama yale macho mekundu yaliyotuenea Pwani mwanzoni mwa 2024, na hapo kinga ni kunawa mikono na kila mtu taulo lake na leso lake. Mawili yote yawasha, hasa mtoto anayejifikicha mpaka weupe umegeuka rangi ya udongo, hiyo ni aleji.

Lakini wekundu ukiwa umezunguka ile duara nyeusi kama pete, na maumivu ya kweli, na hawezi kutazama mwanga, au uoni umeshuka, au kuna doa jeupe kwenye kioo, au mboni moja haifanani na mwenzake, au kioo kimefifia na mtu yuwaumwa kichwa na kutapika, hapo usichezecheze. Doa jeupe ni kidonda, na hiyo ya kichwa na kutapika yaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla, hupofusha. Mwandikie aende siku hiyohiyo kwa wataalamu wa macho, hospitali ya Coast General wako, na mtu wa upande wa kusini Kwale Eye Centre iko karibu naye zaidi.

Nakuomba sana sana jambo moja: matone yenye stiroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, usiyaguse. Yapo kemisti, watu huyanunua kwa sababu jicho jekundu hutulia haraka, lakini kama ni kidonda cha fangasi au cha virusi vya hepesi dawa ile hukilisha kidonda, na akitumia miezi presha ya jicho hupanda polepole mpaka uoni umekwenda na hakuna wa kuurudisha.

Watoto wawili usiwasubirishe foleni. Mchanga wa chini ya siku 28 aliyevimba kope na kutoka usaha, huyo ni dharura, kisonono chaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana, na wazazi wote wawili watibiwe. Na mtoto ambaye mamake akuambia "mboni yake yang'aa nyeupe kwenye picha", hata kama mtoto acheka na kucheza, yaweza kuwa saratani ya jicho la watoto na ikiwahiwa huokolewa. Na lile la wanja kwa watoto, najua ni desturi yetu na sisi wote tumepakwa, lakini wanja mwingine wa unga una risasi ndani yake, mwambie mama kwa heshima asiutie ndani ya jicho la mtoto.

mwanafunzi_wa_kisauni

Sista shukran sana, nimenakili yote. Yule fundi nimemkumbuka, alisema alikuwa anachanganya chokaa ya kupaka ukuta ikamrukia, akaosha "kidogo" bombani akaendelea na kazi. Hapo pia naanza na kadi ya E?

sista_wa_macho_mvita

La hapana!! Hapo ndipo penye tofauti na vizuri umeuliza. Jicho lililoingiwa na chokaa, simiti, asidi ya betri, jiki, chochote cha kemikali, maji kwanza, kuona baadaye. Hata jina lake utaandika baadaye. Mlaze, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia ili maji yasiende kwenye zima, fungua kope kwa vidole vyako na umwagie maji safi au dripu ya chumvi dakika 15 mpaka 30 bila kukatiza, na ugeuze kope la juu kwa sababu vipunje vya chokaa hujificha kule ndani na vinaendelea kuunguza. Vitoe kwa pamba iliyolowa. Chokaa ni mbaya kuliko asidi, asidi hukomea juu juu lakini chokaa huzama. Ukimaliza ndio upime uoni na kumpeleka, akiwa na karatasi yenye saa aliyoumia na saa uliyoanza kumwosha. Kama aliondoka, mpigie simu leo arudi, usimngoje.

ofisa_wa_masikio

Salaam. Mimi ni klinikal ofisa, kazi yangu masikio, pua na koo, nitaendelea alipoachia Sista.

Sikio huanza nje. Kabla ya otoskopu, kabla ya tochi, angalia nyuma ya sikio. Mtoto wa miaka minne, simama nyuma yake uyalinganishe masikio mawili: je moja limesukumwa mbele, pale nyuma pamevimba, ukigusa analia? Hiyo ni mfupa wa nyuma ya sikio umeingia usaha, mpe dozi ya kwanza ya antibaiotiki na ya maumivu na aende hospitali kubwa sasa hivi. Kama hakuna, gusa kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu na uvute sikio taratibu. Akiruka kwa maumivu shida iko kwenye njia ya nje, na hapa Mombasa watoto wanaoshinda baharini wakirudi hujichokonoa na pamba za vijiti hayo twayaona sana. Asipoumia ukivuta, lakini ana homa na usiku alikuwa analia akishika sikio, fikiria sikio la kati nyuma ya ngoma ya sikio.

Kuangalia ndani, mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, mtoto mdogo wa chini ya miaka mitatu vuta chini na nyuma, ndio njia inyooke. Anza na sikio zima ndio uende kwenye gonjwa, usihamishe usaha. Mtoto akae mapajani mwa mamake, mkono mmoja wa mama umzungushie mikono mtoto, mwengine ushike kichwa kifuani kwake. Otoskopu bila betri? Tochi yaonyesha mlango wa sikio, usaha, nta, upele na mdudu, hayo si machache. Ngoma hutaiona, basi usiandike kwamba umeiona.

Swali moja latenganisha usaha: siku ngapi? Chini ya siku 14 ni ya ghafla, amoksisilini siku 5 kwa kipimo cha uzito na panadol. Siku 14 na kuendelea, kama huyo wako wa "hukauka laanza tena", hiyo ni sugu, vidonge peke yake havimsaidii, kinachomtibu ni kukausha na matone ya antibaiotiki ya aina ya kwinoloni wiki mbili. Kukausha mfundishe mama mbele yako: kitambaa safi laini cha pamba kinachonyonya au tishu ngumu isiyochanika, akisokote kiwe ncha, akiingize sikioni, kikilowa akitoe atie kingine mpaka kitoke kikavu, mara 3 kwa siku. Si kijiti cha pamba. Mafuta asitie, maji yasiingie, na baharini asiende mpaka apone, hilo ndilo watoto wetu hawalitaki. Na matone ya jentamaisini usimpe mwenye ngoma iliyotoboka, yaweza kuua usikivu wenyewe.

Na upime kusikia jamani, mtoto huambiwa mkaidi shuleni kumbe hasikii. Simama nyuma yake urefu wa mkono wako asione midomo, zuia sikio moja, nong'ona namba mbili tatu arudie. Kwa mdogo muulize mama, redio anaikaribia? Akiitwa kwa nyuma ageuka?

Vitu vilivyoingia. Mdudu aliye hai tia mafuta ya kupikia ya vuguvugu afe kwanza, ila tu kama hakuna usaha wala historia ya ngoma kutoboka. Mharagwe au punje ya mahindi usipige maji, itavimba na kukwama. Betri ile ndogo ya saa au ya vichezeo, iwe sikioni au puani, usitie tone la chochote, mtoe mtoto aende hospitali mara moja, yaunguza kwa saa chache tu.

Pua nitapita haraka. Mtoto atokaye kamasi zenye harufu mbaya tundu MOJA tu, huyo ana kitu ndani mpaka uthibitishe vingine, ushanga, kipande cha sponji, mbegu ya mabuyu, na usikifuate na koleo kama hukioni vizuri maana utakisukuma nyuma. Ambaye kamasi zake ni maji, apiga chafya, ajisugua pua kwenda juu kwa kiganja mpaka ana mstari kwenye pua, muulize vumbi, mende, moshi wa udi na ubani ndani ya chumba anacholala. Ukimulika ndani nyama zimevimba na zimepauka badala ya kuwa nyekundu, hiyo aleji. Damu ya pua: mkalishe ainamie MBELE, abane ile sehemu laini ya pua si mfupa, dakika 10 hadi 15 kwa saa bila kuachia kuchungulia, apumue kwa mdomo na ateme damu. Kuinua kichwa nyuma ni kumeza damu tu na baadaye kutapika. Ikisimama mpime presha kama ni mtu mzima na umuulize dawa za kuyeyusha damu. Na aliyepigwa ngumi au mpira wa pua, mulika ule ukuta wa katikati, ukiwa umevimba pande zote kama mto laini na pua imeziba, ni damu imejikusanya, yataka kutolewa siku hiyo la sivyo pua huanguka.

mama_wa_likoni

Samahanini naingilia mimi si wa hospitali, ni mama tu niko Likoni nimesoma yote hayo na moyo wadunda. Binti yangu sikio lamuuma tangu jana usiku, mamangu anasema nimtie mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu saumu, ndivyo tulivyolelewa sisi wote. Nimtie ama nisimtie? Ana miaka 5, ana joto, usaha sioni.

ofisa_wa_masikio

Pole mamangu, na pole kwa usiku wenyewe. Usimtie. Si kwamba bibi ana makosa ya kumpenda mjukuu, ni kwamba huwezi kujua kama ngoma imetoboka kwa ndani, na kama imetoboka yale mafuta yaingia pasipotakiwa, na kitunguu chaweza kuunguza ngozi ya sikio. Mpe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye chupa, anywe maji, alale kichwa kimeinuka kidogo, na asubuhi hii mpeleke kituo chochote kilicho karibu, Likoni vipo huna haja ya kuvuka feri. Ukiona nyuma ya sikio pamevimba, au shingo imekaza, au amelegea hachezi, uso umepinda upande mmoja, anatapika kila kitu, usingoje foleni, sema mlangoni.

mama_wa_likoni

Shukran sana daktari, namvalisha tunatoka sasa hivi. Allah akulipe.

nesi_mkongwe_wa_tudor

Naona ngozi imebaki, basi nije.

Mwanangu hilo swali lako la wekundu ndilo kila nesi wetu alipaswa kuuliza mwaka wa kwanza. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa moto hauji mwekundu, waja zambarau, au kahawia iliyokoza kuliko ngozi ya jirani, au kijivu, na mara nyingine hauonekani kabisa ila wang'aa na umejaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni mwanga: mpeleke dirishani, mwanga wa jua si wa taa, taa zile nyeupe za dari huua rangi zote. La pili mkono, mgongo wa kiganja chako juu ya mahali palipo na shida kisha upande wa pili wa mwili mahali palepale, linganisha joto, ugumu, maumivu. Mguu uliovimba ukawa moto kuliko mwenzake yatosha hata kama rangi haijabadilika, chora mpaka wake kwa kalamu uone kesho umesogea au la. Upungufu wa damu usiutafute mkononi juu, geuza kope la chini, angalia fizi, fungua viganja. Manjano tafuta kwenye weupe wa jicho ule uliofichwa chini ya kope na kwenye paa la mdomo, maana wengi wetu sehemu ya jicho iliyo wazi ina madoa ya kahawia ya kuzaliwa na hayo si manjano.

Kisha uliza: kilianza wapi kikaenda wapi, chawasha saa ngapi, nyumbani nani mwengine ajikuna, umepaka nini. Hilo la umepaka nini mwambie alete tyubu yenyewe, usikubali "krimu fulani ya bluu". Zile krimu za mchanganyiko wa stiroidi na dawa ya fangasi na antibaiotiki pamoja zimewaharibu watu sana hapa mjini, choa ilokuwa duara safi yenye ukingo hupoteza ukingo, yaenea, hata mwenye kujua hawezi kuitambua tena, na mtu yuwaona imetulia kwa siku chache anaongeza kupaka. Vilevile krimu za kujichubua, huwa kunayo stiroidi au zebaki, ngozi huwa nyembamba, mishipa yaonekana. Waulize dada zetu kwa siri na kwa heshima, si mbele ya watu.

Bibi yako ajikunaye usiku: angalia katikati ya vidole, ndani ya vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni pale nguo inapobana, matakoni, na mwanamke chini ya matiti na kwenye chuchu. Mtoto mchanga angalia hata kichwani, viganjani na nyayoni. Vipele vidogo na vistari vya kupindapinda, na usiku ndio vita, na mjukuu alalaye naye pia ajikuna, huo ni upele. Hutibu mtu mmoja. Nyumba nzima inapakwa usiku mmoja, hata asiyejikuna, shingoni mpaka vidole vya miguu, benzili benzoeti ya asilimia 25 kwa wakubwa na ya watoto hupunguzwa ukali, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yaanikwe juani. Na umwambie mapema kuwasha kwaweza kuendelea wiki mbili hata nne baada ya kupona, asipojua atarudia dawa mpaka ngozi iungue. Vikiwa na usaha umtibu usaha pia, na mtoto akianza kuvimba uso au mkojo ukawa rangi ya chai pima mkojo, figo zaweza kuingia.

Msichana wa kichwani hayo ni mashilingi, wengine huita mapunye. Krimu haifiki kwenye shina la nywele, anahitaji vidonge vya fangasi vya griseofulvini wiki 6 hadi 8, ale na kitu chenye mafuta kama maziwa, na nyumbani waangaliwe wadogo zake, vitana na vilemba visishirikiwe. Akiwa na uvimbe laini kama jipu juu ya kichwa unatoka usaha, usimpasue! Ni fangasi uleule umewaka, kisu huacha kipara cha maisha.

Baka lililopauka lisilowasha, kabla hujasema ni mba, sokota pamba iwe unyuzi, mfumbe macho mgonjwa, mguse pale akuonyeshe kwa kidole umemgusa wapi. Mba hutoa unga ukiikwaruza na mgonjwa ahisi kama kawaida. Asipohisi, ukoma upo kwenye orodha, Pwani bado haujaisha na dawa zake ni za bure. Malengelenge ya kuunguza upande mmoja wa mwili, kwenye mshipi, ni mkanda wa jeshi, na kwa kijana mpe nafasi ya kupima HIV. Yakiwa kwenye paji na ncha ya pua jicho liko hatarini, mrudishe kwa Sista wa macho leo. Na majipu yanayojirudia, pima sukari.

Mpox pia tusiisahau, tangu kesi ya kwanza ya Kenya itangazwe mwisho wa Julai 2024 kule Taita Taveta sisi tuko kwenye barabara ileile ya malori na bandari. Tetekuwanga huja kwa mawimbi, mahali pamoja utakuta chipele kipya na kilichokauka, zaidi kifuani na mgongoni. Mpox huwa na vipele vya rika moja mahali pamoja, hupenda uso, viganja, nyayo na sehemu za siri, na vitezi vimevimba. Vaa glavu, mweke peke yake, piga simu kwa watu wa ufuatiliaji wa magonjwa, usimrudishe foleni.

Na msimu wa harusi utakutana na la piko. Bi harusi au somo wake waja mikono ina malengelenge yaliyofuata maua yenyewe ya piko, jani kwa jani. Hina safi si tatizo, ni ile rangi nyeusi ya nywele inayochanganywa. Mwandikie kwenye faili kwa herufi kubwa kwamba asipake tena piko wala rangi nyeusi ya nywele, mara ya pili huwa mbaya zaidi.

mwanafunzi_wa_kisauni

Mashallah, nimejifunza leo kuliko muhula mzima. Fundi nimempigia, yuko njiani yuaja na sista wa zamu ashaandaa dripu. La mwisho mama, wengi wa wagonjwa wangu wa ngozi ni kina mama wa buibui, na mimi ni mvulana. Nawakaguaje bila kuwavunjia heshima na bila kubahatisha?

nesi_mkongwe_wa_tudor

Waomba ruhusa kwa maneno, kila sehemu unayotaka kuona, na wamwambia kwa nini wataka kuiona. Kama kuna sista wa kike zamu hiyo muite akague yeye, wewe uandike nyuma ya pazia. Kama hayuko, awepo mama mwengine au jamaa yake chumbani, mlango urudishwe, pazia livutwe, na afunue sehemu moja aifunike ndio afunue nyengine, si kumvua shela na kila kitu kwa pamoja. Akikataa, ni haki yake, usimlazimishe na usimpe dawa ya kubahatisha, mpangie siku ambayo sista yupo umwandikie jina la huyo sista kwenye kadi. Na wenye nikabu waliokuja kwa shida ya macho, karibu wote watakubali kuinua mbele ya nesi wa kike kwa dakika moja, cha muhimu asiulizwe mbele ya foleni. Kwenye faili andika upande, kulia au kushoto, ukubwa kwa sentimita, na kile ulichokiona kabla ya kile unachokidhania, na kama kuna mahali hukupaona andika "hakukaguliwa".